Picha Ikae Pale Ulipoiweka

Mwalimu ametunga mtihani wa baiolojia wa kidato cha pili. Swali la saba lina mchoro wa ua, na mchoro umekaa vizuri chini ya swali lake. Kabla ya kwenda kuchapa anagundua kwamba swali la tatu halieleweki, anaongeza mistari miwili, na papo hapo mchoro wa ua unahamia ukurasa wa pili na kulifunika swali la tisa. Anauburuta kuurudisha. Ukirudi, maneno ya swali la nane yanatawanyika. Anabonyeza Enter mara kadhaa kuyasukuma, na sasa ukurasa wa tatu nao umevurugika.

Yaliyompata mwalimu huyu humpata pia mwanafunzi anayeandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, katibu wa kikundi anayeandaa taarifa ya mradi wa maji, na ndugu waliopewa kazi ya kutengeneza kijitabu cha ratiba ya mazishi huku waombolezaji wanasubiri. Tatizo haliko kwenye kompyuta wala kwenye mkono wako. Picha haishikwi mahali kwa kuburutwa. Inashikwa kwa kuambiwa imefungwa kwenye nini: kwenye mstari, kwenye aya, au kwenye ukurasa. Ukiliamua hilo kabla hujaigusa picha kwa kipanya, kazi inayobaki ni ndogo.

Pengine unajiuliza unahitaji programu gani na itakugharimu kiasi gani. Kompyuta nyingi za ofisini, shuleni na kwenye maduka ya steshenari zina Microsoft Word. Hiyo ni ya kulipia, ingawa lipo toleo lake la kutumia ndani ya intaneti ambalo ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft. Kama huna fedha ya kulipia, usihangaike na nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi, maana nyingine hubeba virusi. Pakua LibreOffice. Ni bure, ni halali, na inafungua mafaili ya Word. Gharama yake ni bando tu: faili la kuisakinisha, yaani kuiingiza kwenye kompyuta yenye Windows, lina zaidi ya megabaiti 300, kwa hiyo lipakue mahali penye Wi-Fi au mwombe aliye nalo akugawie, kwa sababu leseni yake inaruhusu kugawiana. LibreOffice ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice, programu ile ile ambayo mwaka 2004 mradi mmoja uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Chaguo la tatu ni Google Docs, nalo ni bure kwa mwenye akaunti ya Google, ila linategemea zaidi intaneti.

Kwa kuwa kompyuta nyingi za kwetu zina menyu za Kiingereza, majina ya vitufe nitayaandika kama utakavyoyaona kwenye skrini, na nitaeleza kila kimoja kinafanya nini. Matoleo hutofautiana kidogo. Usipokiona kitufe mahali nilipokutajia, bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Karibu kila jambo la picha hupatikana katika orodha inayofunguka hapo.

Kabla ya kuweka picha yoyote

Andika maneno yote kwanza, yasome, yarekebishe, ndipo uanze kuweka picha. Kila neno unaloongeza juu ya picha linasukuma kilicho chini yake, kwa hiyo mwenye kuweka picha mapema huzipanga mara mbili. Wakati wa kuandika acha alama tu mahali pa picha, kwa mfano PICHA YA KISIMA HAPA, kisha endelea na kazi.

Jambo la pili ni karatasi. Karatasi tunazonunua Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni A4, yenye upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Programu nyingi, hasa zilizosakinishwa bila kubadilishwa chochote, huja zimepangwa kwa karatasi ya Marekani iitwayo Letter, ambayo ni pana kidogo zaidi na fupi kwa karibu sentimita 2. Ukipanga picha zako kwenye Letter, kisha kijana wa steshenari akageuza kuwa A4 ili achape, mistari yote inahama na picha zinahama nayo. Kwenye Word bofya "Layout", kisha "Size", uchague A4. Kwenye LibreOffice bofya "Format", kisha "Page Style", utaona sehemu ya kuchagua karatasi. Fanya hivi hata kama una haraka.

Picha yenyewe mara nyingi inatoka kwenye simu, na hapa ubora hupotea bila mwenyewe kujua. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huibana ili iwe nyepesi, na ikichapwa kwa ukubwa huonekana ina ukungu. Itume kama "Document", au tumia waya wa USB kuitoa kwenye simu hadi kwenye kompyuta. Kipimo cha kukusaidia ni hiki: picha ya kuchapwa hupendeza ikiwa na nukta 300 katika kila inchi. Nukta hizo ndizo pikseli. Inchi moja ni sentimita 2.54, hivyo picha utakayoichapa kwa upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli takriban 1,180 kwa upana. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha zenye pikseli 4,000 kwa 3,000 au zaidi. Picha ya asili, basi, inatosha na kubaki. Ile iliyopita kwenye makundi kadhaa kabla ya kukufikia huenda isitoshe, na hakuna kitufe cha kuirudishia ubora wake.

Sasa iingize. Bofya mahali unapoitaka mpaka uone kijistari kinachowaka na kuzima. Kwenye Word bofya "Insert", kisha "Pictures", uitafute picha kwenye kompyuta yako. Kwenye LibreOffice ni "Insert", kisha "Image". Dirisha la LibreOffice lina kisanduku kidogo kilichoandikwa "Link", nacho kisiwe na tiki. Kikiwa na tiki, picha haiingii ndani ya hati. Hati inakumbuka tu picha imehifadhiwa wapi kwenye kompyuta yako, na ukiipeleka kwingine kwa flashi utakuta fremu tupu.

Kuipunguza au kuikuza, shika kona ya picha, usishike katikati ya ubavu. Ukivuta ubavu, uso wa mtu unarefuka au unapanuka, na kwenye kijitabu cha marehemu hilo linaumiza familia. Kama hata kona inaiharibu picha, bana kitufe cha Shift huku unavuta.

Picha ndani ya mstari

Hii ndiyo hali ya kwanza, na ndiyo rahisi kuliko zote. Programu inaichukulia picha kama herufi moja kubwa mno iliyoandikwa kati ya herufi nyingine. Ukiongeza neno kabla yake, inasogea. Ukibonyeza Enter kabla yake, inashuka. Ukibofya kitufe cha kuweka maneno katikati, nayo inakwenda katikati. Haiwezi kulala juu ya maneno, wala kulivuka swali linaloifuata.

Kwenye Word, bofya picha. Pembeni mwake juu kitatokea kitufe kidogo chenye mchoro wa tao lililozungukwa na mistari. Kibofye, uchague "In Line with Text". Kwenye LibreOffice bofya picha kwa kitufe cha kulia, nenda kwenye "Anchor", uchague "As Character". Kwenye Google Docs bofya picha, na chini yake utaona vitufe kadhaa, cha kuchagua kikiwa "In line".

Kwa mitihani, ripoti, tasnifu, mihtasari ya vikao na maombi ya ufadhili, mimi ningekushauri utumie hali hii na usitafute nyingine. Ipe picha mstari wake peke yake: Enter moja kabla, Enter moja baada, kisha iweke katikati. Mwalimu wetu angefanya hivyo, mchoro wa ua ungeshuka mistari miwili pamoja na swali lake, na kazi ingekuwa imekwisha.

Hali hii ina matatizo mawili yanayojulikana. La kwanza linatisha zaidi kuliko lilivyo: unaingiza picha, na badala ya picha nzima unaona ukanda mwembamba tu wa chini yake. Picha haijaharibika. Aya hiyo imewekewa urefu wa mstari usiobadilika, na chochote kinachozidi urefu huo kinafichwa. Bofya kwenye mstari wa picha, fungua "Paragraph", tafuta "Line spacing". Ukikuta imeandikwa "Exactly", ibadilishe iwe "Single". Picha itajitokeza yote. Kwenye LibreOffice neno lenyewe ni "Fixed", na dawa ni hiyo hiyo.

La pili ni pengo jeupe. Picha haikutosha kwenye nafasi iliyobaki chini ya ukurasa, ikahamia ukurasa unaofuata, na nyuma yake pakabaki patupu. Watu hujaribu kuliziba pengo kwa Enter, na hapo ndipo hati inapoharibika. Ipunguze picha kidogo mpaka itoshe, au chukua aya inayofuata picha uipandishe juu yake. Katika ripoti si lazima picha ikae pale pale inapotajwa. Inatosha kuandika "tazama Picha ya 3", nayo ikakaa juu ya ukurasa unaofuata.

Jina au maelezo ya picha, yale maneno madogo yanayokaa chini yake, nayo yana tabia ya kuachwa nyuma. Bofya kwenye mstari wa picha, fungua "Paragraph", na kwenye ukurasa wa dirisha ulioandikwa "Line and Page Breaks" weka tiki kwenye "Keep with next". Maana yake: aya hii isitengane na inayofuata. LibreOffice ina agizo kama hilo chini ya "Text Flow". Tangu hapo picha na maelezo yake vitahama pamoja.

Maneno yaizunguke picha

Kuna kazi ambazo picha ndani ya mstari haipendezi. Katika jarida la shule, au kwenye ukurasa wa wasifu wa marehemu, tunataka picha ikae upande wa kushoto na maneno yateremke kuliani mwake. Kwa hilo unahitaji hali ya pili.

Kwenye Word rudi kwenye kile kitufe chenye tao. "Square" huyafanya maneno yaizunguke picha kwa umbo la mstatili, na mara nyingi ndiyo inayofaa. "Tight" huyafanya yafuate umbo la kitu chenyewe, jambo linalopendeza kwa nembo ya duara isiyo na rangi nyuma yake. "Top and Bottom" huyaweka maneno juu na chini, pembeni pakabaki wazi. Kwenye LibreOffice bofya kwa kitufe cha kulia, nenda kwenye "Wrap". Ukichagua "Parallel" maneno hupita pande zote mbili. "Before" huyaacha yapite kushoto tu, na "After" kulia tu. "Optimal" huiachia programu iamue, na ina busara moja: upande wenye nafasi isiyofika sentimita 2 haupitishi maneno humo. Nawe fuata busara hiyo kwa mkono wako. Ukiacha njia nyembamba kati ya picha na pambizo, yaani ukingo mweupe wa ukurasa, kila mstari utabeba neno moja au mawili na msomaji atachoka.

Picha ya namna hii huonekana inaelea, na watu wengi wanadhani iko huru kukaa popote. Haiko huru. Imefungwa kwenye aya fulani, na mahali ilipofungwa huonyeshwa na alama ndogo ya nanga inayotokea kando ya aya unapoibofya picha. Kwenye Word kanuni ni hii: picha hukaa ukurasa mmoja na aya yenye nanga yake. Aya ikihamia ukurasa wa nne, picha inahamia ukurasa wa nne, hata kama kwa macho yako ilikuwa mbali na aya hiyo.

Hapo ndipo ulipo ufumbuzi wa mtihani wa baiolojia. Mchoro ulionekana chini ya swali la saba, lakini wakati wa kuburutwa huku na huku nanga yake iliangukia kwenye swali la tisa. Mistari miwili ya swali la tatu ilipolisukuma swali la tisa kwenda ukurasa wa pili, mchoro ulilifuata. Kila unapoiburuta picha, Word hutafuta aya iliyo karibu na kuifunga hapo, bila kukuuliza.

Kwa hiyo, ukishaiweka picha, itazame nanga yake. Kama haiko kwenye aya inayohusika, ishike nanga yenyewe kwa kipanya uiburute hadi kwenye aya hiyo. Picha itabaki ilipo, nanga yake ndiyo itakayokuwa imehamishwa. Kama huioni nanga kwenye Word, fungua "File", "Options", "Display", uweke tiki kwenye "Object anchors". Ukiridhika, bofya kitufe cha tao, kisha "See more", na kwenye sehemu ya "Position" weka tiki kwenye "Lock anchor", ili nanga isihame tena hata picha ikisogezwa.

Angalizo moja kubwa: ukiifuta aya yote yenye nanga, picha inafutika nayo. Watu hupoteza picha za ripoti kwa njia hii na kuilaumu flashi. Likikutokea, bonyeza Ctrl na Z papo hapo, kabla hujafanya jambo jingine lolote.

Na kupanga kwa usahihi je? Macho hudanganya. Ukurasa wa kwanza picha inaanza kwenye ukingo, wa pili imeingia ndani milimita 3, na kijitabu kizima kinaonekana cha haraka. Katika sehemu hiyo hiyo ya "Position" unaweza kuamuru badala ya kukadiria. Upande wa kulala, chagua "Alignment" iwe "Left" au "Right" kwa kulinganisha na "Margin", yaani pambizo. Upande wa kusimama, weka umbali kwa tarakimu chini ya "Paragraph". Ukiandika 0, picha itaanza sawasawa na mstari wa kwanza wa aya yake. Fanya hivyo kwa picha zote za hati moja. LibreOffice ina dirisha kama hilo: kitufe cha kulia, kisha "Properties", kisha sehemu inayohusu mahali na ukubwa. Kwenye dirisha hilo hilo kuna nafasi ya kuweka umbali kati ya picha na maneno. Milimita 3 hadi 5 hupumzisha macho, na sifuri hufanya herufi zigusane na picha.

Picha kwenye ukurasa

Hali ya tatu ni ya picha ambayo mahali pake ni pa karatasi na si pa maneno: picha kubwa ya jalada, fremu ya cheti, nembo ya shule kwenye barua. LibreOffice ina agizo la wazi kwa kazi hiyo, nalo ni "Anchor" kisha "To Page". Picha iliyofungwa hivyo kwenye ukurasa wa kwanza itabaki ukurasa wa kwanza hata ukiandika kurasa 20 za ziada.

Word haina agizo la namna hiyo. Ina "Fix position on page", na jina hilo huwapoteza wengi. Linashikilia picha mahali pake juu ya karatasi, kwa mfano kona ya kulia juu, lakini karatasi ipi ni swali la nanga bado. Aya yenye nanga ikihama ukurasa, picha itakaa kona ile ile ya ukurasa mpya. Kwa jalada, hakikisha nanga iko kwenye aya ya kwanza kabisa ya hati, ambayo haina pa kusukumwa.

Tofauti hii ya programu mbili ina matokeo. Hati uliyoitengeneza kwa LibreOffice ukafunga picha kwenye ukurasa, kisha ukaihifadhi kwa muundo wa Word, inaweza kufunguka steshenari picha zikiwa zimehama. Hati itakayosafiri kati ya programu hizi ni salama zaidi picha zake zikiwa ndani ya mstari.

Nembo ya barua rasmi ina njia bora kuliko zote hizi. Bofya mara mbili kwenye nafasi nyeupe ya juu ya ukurasa kwenye Word. Sehemu itakayofunguka ndiyo kichwa cha ukurasa, na chochote ukiwekacho humo hujirudia kila ukurasa bila kuguswa na maneno ya barua. Weka nembo humo. Ukitaka ionekane ukurasa wa kwanza tu, weka tiki kwenye "Different First Page", uiache nembo kwenye kichwa cha ukurasa wa kwanza peke yake. Kwenye LibreOffice kichwa hicho hufunguliwa kupitia "Insert" kisha "Header and Footer", na kwenye "Page Style" ondoa tiki iliyoko "Same content on first page".

Picha mbili au nne kwa pamoja

Taarifa za miradi hupenda picha mbili sambamba: kisima kabla ya ukarabati na baada ya ukarabati. Kuzipanga mbili zinazoelea ni mateso yasiyo na sababu. Tengeneza jedwali, yaani chati ya visanduku, lenye safu mbili za kusimama na mistari miwili ya kulala. Weka picha kwenye visanduku vya juu, kila moja ikiwa ndani ya mstari, na maelezo yake kwenye visanduku vya chini. Kisha ondoa mistari ya jedwali kwa kuchagua "No Border". Msomaji ataona picha mbili zilizonyooka, hataona jedwali.

Word ina kawaida ya kupanua kisanduku ili kimeze picha kubwa, na jedwali likatoka nje ya ukurasa. Lizuie mapema: bofya jedwali kwa kitufe cha kulia, "Table Properties", "Options", uondoe tiki kwenye "Automatically resize to fit contents". Picha zitajipunguza zenyewe kulingana na upana wa kisanduku. Nimeona makatibu wa vikundi wakiifanya kazi hii kwa utulivu mkubwa baada ya kuonyeshwa mara moja tu, na ndiyo sababu naipenda njia hii kuliko mbinu nyingi zenye majina makubwa.

Picha imepotea

Picha iliyowekwa "Behind Text" hukaa nyuma ya maneno, na mara nyingi ukiibofya haishikiki. Hali hiyo inafaa kwa nembo hafifu ya cheti, haifai kwa kingine. Kwenye Word fungua "Home", kisha "Select", kisha "Selection Pane", utaona orodha ya vitu vinavyoelea kwenye ukurasa ulipo. Bofya jina la picha kwenye orodha, uibadilishe hali. Kwenye LibreOffice bonyeza F5, orodha ya picha zote itafunguka pembeni.

Kama unatumia simu, unaweza kuingiza picha na kuipunguza, lakini kupanga nanga kwa kidole kwenye kioo kidogo ni kazi ngumu. Andika maneno kwa simu, iache kazi ya picha kwa kompyuta, hata kama ni nusu saa ya kulipia kwenye saiba.

Faili likiwa zito mno kutumwa kwa barua pepe, chagua picha moja kwenye Word, fungua "Picture Format", kisha "Compress Pictures". Kwa hati ya kusomwa kwenye skrini chagua 150, kwa hati ya kuchapwa 220 au zaidi. Fanya hivi kwenye nakala, ubaki na faili la asili lenye picha kamili.

Na kabla hujaituma hati, wafikirie wasomaji wasioona. Wako wanaosomewa hati na kompyuta kwa sauti, kwa mfano kwa programu ya bure iitwayo NVDA, na programu hiyo ikifika kwenye picha isiyo na maelezo haina la kusema. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua "Alt Text", uandike sentensi moja: "Akina mama watatu wakichota maji kwenye kisima kipya." Haigharimu chochote, na haibadilishi sura ya ukurasa.

Siku ya kuchapa

Hati ya Word inayofunguliwa kwenye kompyuta nyingine inaweza kukosa aina ya herufi uliyotumia. Kompyuta hiyo itaweka nyingine, mistari itabadilika urefu, na picha zitahama hata kama ulizifunga vizuri. Kwa sababu hiyo usipeleke Word peke yake steshenari. Peleka PDF, muundo unaogandisha ukurasa kama unavyouona. Kwenye Word ni "File", "Save As", uchague PDF. LibreOffice ina kitufe chake juu kabisa, karibu na kile cha printa. Ifungue hiyo PDF mwenyewe na upitie kila ukurasa. Beba pia faili la asili, likihitajika rekebisho la mwisho.

Printa nyingi za kawaida haziwezi kuchapa hadi ukingoni mwa karatasi, kwa hiyo picha muhimu isikaribie ukingo kwa chini ya sentimita 1. Uliza bei kabla: ukurasa wa rangi huwa ghali kuliko wa nyeusi na nyeupe, na duka moja hutoza tofauti na jirani yake. Kurasa zenye maneno matupu zichapwe nyeusi, zenye picha tu ndizo zichapwe kwa rangi. Ukiamua kuchapa picha kwa nyeusi, fahamu kwamba nyekundu na kijani huweza kutoka kijivu kimoja, hivyo mchoro wa mtihani wenye mishale ya rangi ubadilishie mishale iwe na herufi A, B na C. Kisha mwombe mhudumu akutolee nakala moja tu, ikague ukiwa umesimama hapo hapo, na nyingine 200 zitolewe baada ya hiyo kukuridhisha.